Kadi Kumi na Moja za Jina Lako

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na goti lako kabla ya jambo lolote, maana Mama aliniambia limerudi kukusumbua, na kwamba wewe unasema ni baridi tu. Natumaini unalikanda kama ulivyoagizwa na si kama unavyopenda. Mama naye nampa shikamoo yake, na umwambie kitambaa alichonishonea kimenikaa vizuri hata wenzangu kazini wakataka kunivua. Sisi huku hatujambo. Wajukuu zako wanarefuka hadi suruali zinawakimbia. Yule mkubwa ameng'oka jino la mbele, sasa kila akisema neno lenye "s" anapiga mluzi. Baba yao anakusalimu sana.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu ukishika simu una tabia ya kumpa Mama kabla sijafika katikati ya sentensi, na haya ninayotaka kukuambia ni marefu. Tafadhali yasome ukiwa umekaa.

Unajua kwamba kazi yangu hapa maktaba ni kuandika kadi. Kitabu kikiingia, mimi ndiye ninayeandika jina la mwandishi, mwaka wake na habari ya kitabu, kisha kadi inaingia kwenye droo, na msomaji akija anatafuta kwa jina. Miezi mitatu iliyopita mkutubi mkuu aliniita ofisini kwake. Yeye tunamwita Mama Kimya, kwa kuwa hana haja ya kusema "nyamazeni". Akitokea mlangoni tu hata viti vinaacha kulia. Alikuwa na barua mkononi. Imetoka kwa Profesa wa maji, yule mzee aliyechora mabwawa makubwa, ambaye jina lake ni jina lako, la kwanza na la pili, herufi kwa herufi. Profesa alikuwa ameandika kwa upole kwamba kwa mujibu wa droo zetu yeye alizaliwa miaka mia tatu iliyopita, amehukumu kesi, ametunga nyimbo, amekufa mara mbili, na bado anachapisha vitabu. Aliomba, kama haitakuwa taabu, apewe maisha yake peke yake.

Kumbe wote waliowahi kuandika kwa jina lile tulikuwa tumewarundika kama mtu mmoja. Mama Kimya akaniambia niwatenganishe, na akaongeza kuwa kazi hiyo inanifaa mimi kwa vile jina ni la kwetu. Nilicheka kidogo, lakini sikumtazama usoni. Sababu yake utaiona mbele.

Baba, sijawahi kufanya kazi iliyonitikisa kama ile. Nilibeba kila kitabu na kila karatasi hadi kwenye meza ndefu ya chumba cha nyuma, nikaanza kulinganisha miaka, sahihi, wino, hata jinsi kila mmoja alivyokunja mkia wa herufi ya mwisho. Siku baada ya siku yule mtu mmoja akawa anagawanyika mikononi mwangu, na kila aliyejitokeza alikuwa mtu kamili.

Wa kwanza alikuwa mtazama nyota. Alihesabu nyota za pembe moja tu ya mbingu kwa miaka thelathini na mmoja. Miaka minne ya mwisho macho yalikuwa yamekwisha kabisa, basi dada yake akawa anatazama na kumwambia, naye anaandika kwa kupapasa, mistari imepanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Nimezilinganisha hesabu zile na za leo. Wamekosea nyota mbili tu.

Kulikuwa na hakimu aliyeletewa hukumu ikiwa imekwisha kuandikwa na wakubwa, yeye kazi yake kuisoma tu. Akavua joho lake mbele ya watu, akalikunja, akaliweka juu ya kiti, akatoka. Alilima vitunguu hadi alipokufa, na kitabu chake kimoja ni cha vitunguu. Kizuri sana kwa kweli.

Kulikuwa na mtunzi wa muziki ambaye nilikaa naye wiki nzima, kwa sababu sahihi yake haikufanana na ya mwanamume yeyote. Mwishowe nikaipata barua yake. Alikuwa mwanamke. Jina lilikuwa la kaka yake marehemu, na alilitumia kwa kuwa waliokuwa wakipokea nyimbo hawakupokea za wanawake. Aliandika kwamba kila anapotia sahihi anamwamsha ndugu yake kwa nusu dakika.

Na kulikuwa na daktari wa kipindupindu, aliyepita nyumba kwa nyumba akiuliza kila familia inateka maji wapi, akachora ramani ya visima, akaonyesha kisima kinachoua. Huyu na mtazama nyota waliishi mji mmoja, wakati mmoja, na hawakuwahi kuonana. Ila mpeleka barua aliwachanganya kama sisi. Nimeishika kwa mikono yangu karatasi ambayo daktari alimwandikia mwenzake: "Wajina, nimeletewa nyota zako kwa makosa. Nazirudisha zote, sijapunguza hata moja. Nami tafadhali nirudishie mgonjwa wangu." Nilicheka peke yangu mle chumbani. Kisha nikasoma tarehe, nikaona kwamba wiki tano baadaye daktari alikufa kwa ugonjwa ule ule, nikainama juu ya meza nisijue nifanye nini na uso wangu.

Usidhani wote walikuwa watu wema. Mmoja alikuwa mkuu wa gereza aliyeandika mwongozo wa kuchapa watu viboko, kwa mpangilio safi, na jedwali la umri na idadi. Nilimwambia Mama Kimya kuwa huyu sitaki kumwandikia kadi, jina lile halimstahili. Akanijibu bila kuinua macho kwamba maktaba si peponi, na kwamba nikianza kuchagua nani apate kadi, nitakuwa nimeanza kazi nyingine. Nikamwandikia. Lakini neno lile lilinichoma mahali ambapo yeye hakujua.

Hadi mwezi huu nilikuwa na watu kumi. Miaka mia tatu, watu kumi, hakuna aliyemjua aliyemtangulia, na karibu kila mmoja aliitikia jina lile lile alipoitwa kula. Wakati mwingine nilisimama pale mezani nikilitamka jina polepole. Tangu utotoni nililijua kama jina la kuitia mtu aliyeko chini ya shimo la pampu. Sikujua kwamba limebeba watu namna hii.

Jumanne iliyopita Profesa alikuja mwenyewe. Nilitarajia mtu mkubwa. Akaingia mzee mwembamba mwenye fimbo, koti limemzidi, akamwamkia hadi mfagiaji. Mama Kimya alimwekea kiti mezani, akamwomba apitie fungu la vitabu vyake athibitishe. Alikuwa akikichukua kimoja kimoja na kusema ndiyo, hiki changu, hiki changu ingawa naona haya. Akafika chini ya fungu, kwenye kijitabu chembamba cha kurasa arobaini, kimechapwa kwa mtambo wa kuchapia fomu, jalada limebandikwa upya mara tatu. Kinaitwa Kuijua Pampu ya Mkono. Akakishika kwa mikono miwili.

"Hiki si changu," alisema. "Nimewaandikia mara mbili kuhusu hiki, hamkunijibu."

Mama Kimya akasema pengine amesahau, maana ni cha zamani. Profesa akatikisa kichwa. "Ningekiandika hiki nisingesahau. Mimi nimesomea maji miaka arobaini. Huyu anakufundisha kuweka sikio kwenye bomba ukajua ngozi ya ndani inayosukuma maji imechanika upande gani. Na tazama michoro. Mkono unaoshika spana ni wa kushoto, kila ukurasa. Mimi natumia wa kulia."

Kisha akafungua nyuma, kwenye karatasi ya mihuri ya kuazimia. Baba, karatasi ile imejaa, ikabandikwa nyingine juu yake, nayo imejaa. Vitabu vyake vyote vya mabwawa vikikusanywa havijaazimwa hata nusu ya hicho. Pembeni mwa ukurasa wa kumi na tisa mtu ameandika kwa penseli: "Kweli. Nimejaribu." Chini yake, kwa mwandiko mwingine: "Hata kwetu imekubali." Na chini yake wa tatu, kwa herufi za mtu asiyezoea kuandika: "Maji yametoka."

Profesa akasema miaka yote hii watu wanamshukuru kwa kijitabu hiki kwenye mikutano, na kila akikataa wanadhani ni unyenyekevu. Akasema anataka kumjua wajina wake huyu kabla mmoja wao hajafa. Mama Kimya akaitoa kadi kwenye droo, akautazama mwandiko, akanitazama mimi.

Sasa nakuambia nililokuwa nikilizunguka tangu mwanzo wa barua.

Kadi ile niliiandika mimi, Baba. Miaka sita iliyopita, mwaka wangu wa kwanza hapa. Kijitabu kilikuja ndani ya kasha la vitabu vya yule msimamizi wenu wa karakana aliyefariki, yule uliyemwazima madaftari yako manne ukamlaumu miaka yote kwamba ameyapoteza. Hakuyapoteza. Aliyachapisha, akaweka jina lako, kwa nini hakukuambia sijui. Nilipokifungua niliona mkono wa kushoto, kama wako. Nikasoma mstari wa kwanza: "Pampu haifi ghafla, huanza kulalamika, ila hakuna anayeisikiliza." Ni maneno uliyotuambia mezani mara mia. Nilijua. Sikukisia, nilijua, kama ninavyoijua sauti yako.

Lakini siku niliyohojiwa kazi hii, mmoja wa waliokuwa mezani aliona jina langu la pili, akauliza kama mimi ni binti wa Profesa wa maji. Sikusema ndiyo. Nilitabasamu, nikaangalia chini, nikawaacha waamini wanalotaka. Kazi nikapata, na uongo ule ukanunua kiti, ukakaa. Basi kijitabu kilipokuja, ningeandika kadi ya mtu mwingine mwenye jina lile, fundi wa pampu, wangeuliza ni nani. Nikaandika ni cha Profesa. Barua zake mbili za kwanza nilizipokea mimi, nikazificha. Hii ya tatu aliipeleka kwa mkutubi mkuu kwa mkono wa mtu.

Na ile siku uliyokuja mjini na ovaroli yako, ukataka kuona ninapofanyia kazi, nikakupokea getini nikakupeleka kunywa chai ng'ambo ya barabara, nikasema ndani kuna ukaguzi. Hapakuwa na ukaguzi. Ulikunywa chai yako, ukasifu jengo kutoka nje.

Basi Jumanne, mbele ya Profesa na Mama Kimya na wenzangu wawili, nilisema: "Kimeandikwa na baba yangu. Ni fundi wa pampu, mimi si binti wa Profesa. Kadi niliipotosha mimi, na barua nilizificha mimi." Sauti ilinitoka ndogo lakini ilitoka yote. Mama Kimya aliiweka kadi mezani. Halafu akaniambia nitamwandikia maelezo kamili, na wakubwa wake wataamua kama nibaki. Bado hawajaamua. Nikiondolewa nitakuwa nimestahili, na nitakuja nyumbani nikusaidie kushika taa.

Profesa ndiye aliyenishinda. Nilidhani atakasirika. Aliniuliza tu kama baba yangu yu hai, na niliposema yu hai, mzee yule alikaa kitini kama mtu aliyeletewa habari njema kutoka mbali. Anaomba ruhusa yako aje nami Jumamosi ya kwanza shule zikifungwa. Hataki mapokezi. Anasema anataka kuketi karibu na pampu yoyote iliyoharibika, wewe usikilize, na yeye akuangalie unavyosikiliza.

Kadi ya kumi na moja nimekwisha kuiandika, kwa wino mweusi. Kwa mpangilio wa miaka umekaa baada ya Profesa, na juu yenu wapo hakimu, mtunzi, daktari na mzee wa nyota. Nilipoifunga droo niliogopa, Baba, kama mtu aliyekaa na jitu nyumba moja tangu kuzaliwa bila kujua, akimwomba tu pesa ya daftari.

Sikuombi unijibu upesi, wala sikuombi useme yamekwisha. Ukitaka kunyamaza, nyamaza kadiri unavyotaka. Ila Profesa unaweza kumjibu hata kama mimi hutanijibu. Anwani yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Kijitabu chenyewe nimekifunga humu ndani. Mama Kimya amekiazima kwa jina lake yeye ili kikufikie, na amesema ukae nacho.

Msalimie Mama, umsomee haya yote usimfiche. Wasalimie majirani wa pande zote mbili. Wajukuu zako wanauliza babu anafanya kazi gani, na sasa nimewaambia.

Nakubusu mikono yote miwili, na wa kushoto zaidi.

Ni mimi, binti yako.