Marahaba Kabla ya Shikamoo

"Mtu aliyekaa Ulaya miaka yote hiyo akihesabu vumbi lisiloonekana atamfundisha nini mtoto wa kijiji cha Ujamaa? Kisima hakichimbwi kwa hesabu hizo."

Mdogo wangu mpendwa,

Maneno hayo yalisemwa juzi na mjumbe wa kamati ya shule hapa Tabora, baada ya kusomwa barua yako ya kuomba kurudi kufundisha. Watu wakanigeukia. Mji mzima unajua kwamba mtu hasemi upuuzi bila mimi kumrukia gazetini. Nikanyamaza. Namjibu leo, hadharani, kwa barua hii ya gazetini.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikuvizia mlangoni asubuhi? Hujafumbua mdomo, nimeshaitikia: "Marahaba!"

"Lakini kaka, sijakuamkia!"

"Ndiyo maana nimeitikia. Watoto wengine wana adabu nzito kama gari moshi la mizigo."

Mama alicheka mpaka akamwaga matobolwa, viazi vyetu vya kukaushwa. Wewe ulinuna. Kumbe ulikuwa ukiyatunza maneno yale, maana miaka mingi baadaye ukaniandikia kutoka huko: "Kaka, dunia haina utani wako. Kwa chembe zangu, marahaba haitangulii shikamoo hata mara moja."

Hapo ndipo nikaielewa kazi yako. Unarusha chembe ziitwazo pioni kwenye protoni, chembe za kiini cha atomu. Nyingine zinapita, nyingine zinatawanyika. Kwa kuwa kitokacho hakiwezi kutoka kabla kiingiacho hakijafika, pande mbili za mtawanyiko huo, unaoonekana kwa upungufu na uliofichika, zimefungwa pamoja. Ukijua pioni zinapungua kiasi gani katika kila kiwango cha nishati, unaukokotoa upande wa pili ambao kipimo hicho hakiuoni. Kisha mwingine anaupima upande huo kwa njia yake. Mkipishana, kuna aliyekosea: mpimaji, au nadharia yenyewe.

Sasa mjumbe anisikilize. Mtoto aliyezoea kufikiri hivyo, ukimletea ripoti kwamba kisima kimekamilika huku ndoo zinarudi na tope, atakuuliza. Labda hilo ndilo linalotisha. Tunaimba kujitegemea, kujitegemea gani huku tukiwaachia wengine kazi ya kufikiri? Babu yetu alibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi pwani, na kijana ambaye hajaiona pwani hakuhesabiwa mwanamume. Aliporudi, wanawake walimpokea kwa vigelegele njiani. Hakuna aliyemuuliza kama bahari inachimba kisima.

Hiyo ndiyo hoja, na ni nzuri. Lakini haielezi kwa nini nilinyamaza.

Nakuonea wivu, mdogo wangu. Nimekuonea wivu tangu siku baba, akiwa na sare yake ya reli, alipotuambia mmoja ataendelea na shule na mwingine atabaki kumsaidia mama shambani. Mimi ndiye niliyekufundisha kugawanya, kwa mbegu za maembe, sakafuni. Mimi ndiye niliyekuwa mwepesi wa kuelewa. Akakuchagua wewe. Stesheni ulinipungia mkono dirishani, nami nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa pekupeku.

Tangu hapo nimesoma kila kitabu kilichopita mji huu. Barua zako nazisoma mara tatu: ya kwanza kwa fahari, ya pili kwa kuelewa, ya tatu nikitafuta kosa. Sijaliona, na hilo linaniuma.

Na yule mjumbe hakuwa na akili ya kutunga maneno yale. Mwaka jana, dukani, mtu alikusifu mbele yangu, nami nikasema: "Anahesabu vumbi lisiloonekana." Watu wakacheka. Nikaongeza la kisima, wakacheka zaidi. Mjumbe huyo alikuwa amesimama pale akipimiwa sukari.

Wewe hukokotoa kisichoonekana kutokana na kilichopungua. Basi huu ndio upande wangu uliofichika. Pengine ulishaujua, kwa namna barua zangu zilivyopungua.

Rudi. Safari hii stesheni nitasimama wima, wala sitaitikia kabla hujaniamkia.

Nanyi wajumbe wa kamati, mnakutana tena Jumamosi. Mwandikieni mdogo wangu aje, na barua itoke siku hiyohiyo. Kama kuna atakayerudia habari ya vumbi na kisima, mlazimisheni kwanza amtaje aliyemfundisha maneno hayo. Nitakuwa nimekaa mstari wa mbele, na nitasimama mwenyewe.

Ni mimi kaka yako, niliyekufundisha kugawanya