Shimo la Pili

Jumatatu, 3 Novemba

Chai bila sukari. Magoti yanauma. Nimefua mashuka mawili, nimeyaanika nje. Kisha dirishani. Dirisha hili ndilo lililonifanya nipange chumba hiki: linatazama kiwanja cha baba.

Mafundi saba leo. Bakari Likomba anajenga gesti. Msingi wa upande wa barabara umekwisha, sasa wanasafisha nyuma, kwenye mipapai. Ile mipapai iliota yenyewe. Minene, hakuna mfano wake Nachingwea. Mafundi wanaisifu. Mimi najua inakula nini.

Chini yake kuna karo, shimo la maji machafu ya vyoo. Wazungu wa mradi wa karanga walilichimba kwa ajili ya nyumba zao nne. Walipoondoka lilifunikwa kwa magogo na zege jembamba, juu yake udongo. Magogo yatakuwa yameoza zamani. Baba alijua, amekufa. Nimebaki mimi.

Sitasema.

Alhamisi, 6 Novemba

Niandike sababu, nisije nikajidanganya baadaye.

Baba, Mzee Petro, alikuwa topasi. Alibeba ndoo za vyoo vya kambi ya wafanyakazi, na karo la Wazungu alilifungua kwa mtaimbo kila lilipojaa. Wazungu walipokwenda zao alipewa kiwanja hiki, kwa mdomo, mbele ya watu. Hakuna mwingine aliyekitaka. Watoto wenzangu waliziba pua nikipita.

Ikaja Operesheni Vijiji. Tulipakiwa kwenye lori, tukashushwa Narung'ombe, porini. Baba aliporudi kudai, Mwenyekiti Likomba, baba yake huyu Bakari, alikuwa ameshajenga. Alimwambia baba barazani: "Topasi hana kiwanja, ana ndoo." Watu wakacheka. Baba naye akacheka. Ukoo wa Likomba na wetu ni watani tangu mababu, na mtu hakasirikii neno la mtani.

Hilo ndilo lisilonitoka. Alimnyang'anya kwa mzaha, na baba hakuachiwa hata hasira.

Baba amezikwa Narung'ombe. Watani ndio wanaotuchimbia kaburi. Likomba hakuja.

Jumanne, 11 Novemba

Joto. Nimesoma tena kitabu changu cha kwanza cha Kiingereza. Si kitabu hasa. Ni taarifa ya mwaka ya daktari wa afya wa mji mmoja mdogo pembezoni mwa London, ya miaka ileile ya karanga. Bwana afya Mzungu alimwachia baba. Nadhani ulikuwa mji wa kwao. Baba hakujua kusoma, alikihifadhi kwenye debe.

Humo nilijifunza lugha: mifereji, panya, maziwa yaliyochachuka, nyumba ngapi zina bafu. Nimefundisha shuleni Nkowe miaka thelathini kwa Kiingereza cha mapipa ya taka. Kuna ukurasa wa nyumba zilizokuwa bado zinatumia ndoo. Huko huko Uingereza. Nilipomsomea baba aliuliza, "Na kule nani anabeba?" Kitabu hakisemi.

Ukurasa mwingine unahusu makaro ya zamani. Yafunguliwe, yamwagwe, yajazwe kifusi, yachorwe kwenye ramani. Ndani ya jalada la nyuma nilichora kiwanja chetu, baba akinionyesha kwa kidole. Shimo la kwanza, duara: karo. Shimo la pili, mstari mrefu upande wa mashariki: handaki alilomwagia ndoo za kambi na kufukia.

Ramani ninayo. Bakari hana.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimemwambia. Iandikwe kwamba nimemwambia.

Alikuwa ametoka msikitini, amesimama kwenye kaburi la baba yake anakagua chokaa mpya. Mwenyekiti alizikwa kiwanjani, pembeni, kama alivyousia. Nilikwenda kwenye maziko yake, mimi nilikwenda. Wachimbaji walisifu udongo siku ile: mweusi, laini, jembe linazama lenyewe. Wakasema ardhi imempokea.

Bakari aliniona, akavuka barabara.

"Mtani, hujafa tu? Sanda yako inaliwa na mende."

"Nife kabla hujazama kwenye mavi ya Wazungu? Umejenga juu ya choo chao, mtani. Pale kwenye mipapai."

Mafundi waliangua kicheko. Bakari aliwageukia. "Mmesikia? Basi gesti tutaiita Choo cha Ulaya. Mwalimu tutampa chumba cha katikati."

Nikacheka nao. Nimesema kweli yote, kwa namna ambayo haiwezi kusikika. Kama baba yake alivyomfanyia baba yangu. Nimekula vizuri.

Jumatano, 19 Novemba

Mama Zuhura amehamisha mafiga.

Ni mama lishe wa mafundi. Kila asubuhi ananiletea kikombe cha uji bila kuombwa. Alikuwa anapikia kando ya barabara, vumbi likamshinda. Leo amehamia kivulini, kwenye mipapai. Nimepima kwa macho kutoka dirishani. Mafiga yako nje ya duara. Benchi liko ndani.

Nimemkasirikia yeye. Kivuli kiko kila mahali.

Alipoleta uji nilimwambia arudi alikokuwa, pale pana shimo. Akaweka mkono kiunoni. "Mwalimu, sema tu unataka nipikie dirishani kwako." Mafundi wakasikia, wakapiga makofi. Anajua utani wangu na Bakari. Mji mzima unajua. Nikifungua mdomo juu ya kile kiwanja, watu wanajiandaa kucheka.

Jumapili, 23 Novemba

Mvua ya kwanza. Misa imechelewa kwa sababu ya tope.

Maji yamesimama uwanjani kwa Bakari, kila pahali isipokuwa kwenye mipapai. Pale yanaingia tu, kama kwenye chujio.

Nataka Bakari azame. Nimeandika, sifuti. Yeye peke yake, mchana, na kanzu yake ya Ijumaa, mpaka kifuani, wale wale waliocheka wakimvuta kwa kamba. Nimeiona picha hiyo miaka na miaka. Nimezeeka nayo. Mama Zuhura hayumo.

Lakini shimo halimjui mtu.

Jumanne, 25 Novemba

Uji haukunywewa.

Fundi mkuu anasema kesho linakuja lori la mchanga. Litarudi nyuma hadi kwenye mipapai limwage hapo. Saa nne, wakati mafundi wanakula. Watu saba benchini na Mama Zuhura.

Akifa mtu pale, huyo ni mtu wa kwa Bakari, nami ni mtani. Nitaitwa mimi. Nitashika jembe, nichimbe, nitanie waliofiwa mpaka watabasamu, ndiyo kazi yetu. Nitatania nini?

Likomba hakuja kumzika baba. Mimi nitakuja kumzika niliyemuua.

Jumatano, 26 Novemba

Nimeutoa mtaimbo wa baba chini ya kitanda. Nimechukua kigoda. Nimevuka barabara bila kumsalimu mtu, nikakaa kwenye njia ya lori, hatua tatu kabla ya duara.

Dereva alipiga honi. Mafundi walianza kucheka, kwa mazoea. Bakari alikuja mbio kutoka upande wa barabara.

"Mtani, utani una mwisho."

"Ndiyo maana nimekaa."

Akanitazama. Nikamwambia, "Bakari mwanangu, waondoe watu kwenye benchi."

Hakuna anayemwita mtani wake mwanangu. Kicheko kilikatika. Mama Zuhura aliinuka wa kwanza, na mwiko wake mkononi, wengine wakamfuata. Nilimpa fundi mkuu mtaimbo, nikamwonyesha asimame wapi. Pigo la kwanza, udongo. La pili, udongo. La tatu likalia kama pipa tupu. La nne mtaimbo ukamponyoka, ukazama wote. Tulisubiri kidogo ndipo tukasikia umefika chini.

Mama Zuhura aliitazama sufuria yake ya maharage, imebaki juu ya mafiga. Hakwenda kuichukua.

Sina furaha yoyote. Nilikuwa naye mkononi, nimemwachia.

Jumamosi, 29 Novemba

Wamelifungua. Nilitegemea harufu. Hakuna. Maji ya mvua, magogo yaliyooza, na chini udongo mweusi kama wa bustani. Bakari amelijaza kifusi, sawasawa na kitabu kinavyoagiza. Mtaimbo wamenirudishia, umeoshwa.

Aliniuliza nilijuaje. Nikamwambia nani alikuwa analifungua. Alisema, mafundi wakisikia, "Hapa palikuwa kwa Mzee Petro. Hata marehemu baba alikuwa anajua." Kisha akaenda kupokea saruji.

Basi. Maneno hayo tu, baada ya maisha mazima. Kurudisha kiwanja hajakutaja. Mafundi wananiamkia "Shikamoo Mwalimu" sasa, kwa adabu, na naona adabu hiyo inanichosha. Bado namchukia. Nilidhani ingepungua.

Jumapili, 7 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Mama Zuhura ameleta uji, amerudi kupikia kando ya barabara.

Bakari alikuja baada ya Misa, akaketi kitandani kwangu kwa kuwa kiti ni kimoja. Aliuliza kama kuna shimo lingine.

"Hakuna litakalomdhuru mtu," nilimjibu. Ni kweli. Handaki lilifukiwa likajaa, limekwisha kuwa ardhi. Alishukuru. Aliniita Mwalimu, si mtani.

Alipotoka nilifungua jalada la nyuma. Ule mstari wa mashariki, wa handaki la ndoo, unaanzia mpakani na kupita katikati ya kaburi la Mwenyekiti. Nimejua hivyo tangu siku waliposifu udongo. Neno moja tu ningelisema barazani, mji mzima ungecheka, na Bakari, kwa kuwa mimi ni mtani, angelazimika kucheka pia.

Nimekifunga kitabu. Nimekirudisha kwenye debe.

Kutoka dirishani naona mpapai mchanga umeota kichwani mwa kaburi. Bakari yuko pale mvuani, anauzungushia miiba mbuzi wasiule.