Kumbukumbu ya Mama Pingili

Mwaka umezunguka, Mama Pingili, tangu ulipofumba macho asubuhi ile tulivu, nasi bado tunakuwekea kikombe mezani kabla hatujakumbuka.

Ulikuwa mpole, ila mbele ya hadubini hukutaka mtu akohoe. Nusu ya umri wako uliitumia kutazama mayai ya samaki wadogo wenye milia, mayai maangavu kama matone ya maji. Wanao walipouliza unatafuta nini humo, uliwapitishia kidole mgongoni ukihesabu. Kila pingili, ulisema, huanza kwa mpigo: jeni zinawaka, zinazimika, zinawaka tena, na kila mpigo ukipita, mwili mchanga unakatiwa kipande kipya, kuanzia shingoni kwenda mkiani.

Kisha akarudi kaka yako mkubwa, yule aliyeaga anakwenda kununua kiberiti akarudi na mvi. Hukumuuliza alikuwa wapi. Siku ya kwenda hospitali ulimwachia ufunguo wa maabara akuangalizie mayai. Naye, kwa huruma zake, akagusa maji, akaona yana joto mno kwa viumbe wadogo wale, akapunguza moto wa kipasha maji.

Uliporudi ulimkuta mlangoni na begi begani, akihofia ameyadhuru mayai. Ndiyo desturi yake: akiharibu, huondoka. Ukamvuta mkono, ukamkalisha kwenye hadubini. Mle gizani mwanga wa kijani, alama ya zile jeni zinazowaka, ulikuwa ukipanda kutoka mkiani, polepole kama usingizi unavyokuja, kisha ukatulia. Na pale ulipotulia pakajichora mstari mwembamba, mpaka wa pingili mpya. Kaka yako akasogeza jicho karibu zaidi. Ukamwambia ahesabu pingili. Hazikufika nusu ya zile ulizozitarajia.

"Nimekuharibia kazi, dada."

"Baridi imezichelewesha tu, kaka. Subiri. Zitatimia zote, haitapungua hata moja."

"Nisubiri mpaka lini?"

"Kwanza weka begi chini. Linanizibia njia."

Akasubiri. Kesho yake mkahesabu pamoja, zikatimia. Akabaki hata miezi yako ya mwisho: akikupikia uji wenye madonge, akikugeuza kitandani, wewe ukimcheka kwa sauti iliyokuwa ikififia.

Pumzika, mpenzi wetu. Hutatutoka moyoni. Unakumbukwa na mumeo fundi viatu, binti zako wawili, mama yako mdogo, wenzako wa maabara, na kaka yako, ambaye bado yupo.