Kidole Gumba cha Burgi

Burgi,

Supu ya madonge ya mkate iko jikoni, ipashe moto. Mbwa ameshakula, asikudanganye.

Asubuhi ulishika kikombe kwa mkono wa kushoto. Halafu baba yako akakupakia siagi kwenye mkate, mtu ambaye tangu tuoane hajanipakia hata mimi. Nikauliza, "Imekuwaje leo?" Akajibu haraka mno, "Aa, Mama Burgi, mtoto kachoka tu." Wewe ukainamia sahani. Mnaniona mjinga?

Jana wewe na baba yako mliteleza kwa skii kwenye theluji ya msituni. Glavu zako zimejaa majani ya misonobari. Na naapa mikanda ya fimbo za skii ulikuwa umeivaa mikononi. Nimesema mara ngapi? Kwenye miti toa mikono kwenye mikanda, na ukianguka achia fimbo! Fimbo ikibaki mkononi inapinda kidole gumba kwa nyuma, kano inachanika. Na kano iliyochanika haiponi kwa kufichwa mpaka mashindano ya Jumamosi yapite. Ukichelewa, hata kufunga vifungo vya koti kutakusumbua miaka yote.

~~Jumamosi huendi.~~ Ya Jumamosi ataamua daktari. Saa sita mchana nakuja na gari.

Kama nimekosea, chupa ya jemu ya aprikoti hii hapa. Ifungue kwa mkono wa kulia. Kidole kikiuma, acha hapo hapo, vaa koti unisubiri.

Baba Burgi, usimsaidie. Nakufahamu.

Mama