Sauti ya Mwalimu wa Udereva

Jumapili, 3 Machi 2019

Mvua tena hapa bandarini Keelung. Mkahawa ulijaa, kila meza na kaa wake wa mvuke. Wageni watatu walitaka kuimba na bendi. Kazi yangu hiyo: mwimbaji ni mimi, mlinzi wa maiki ni mimi. Sharti langu—wimbo mmoja tu, nami nasimama begani kwao wasizame. Mjomba Lim, muuza matairi, alimaliza wa kwanza akaanza wa pili bila bendi! Nikapiga makofi, ukumbi ukafuata, nikamwinamia huku natwaa maiki. Akashuka anatabasamu, anadhani ameshinda. Mzee Khu wa kinanda alicheka hadi akapoteza noti. Eti ningemshusha jukwaani hata mbunge.

Jumapili, 10 Machi

Naandika kabla sijavua viatu.

Mwanamke wa miaka hamsini hivi, koti la mvua la njano. Jina lake Guat-e. Anafundisha udereva, wanafunzi wake walifaulu mtihani, wakamleta kula, wakamsukuma mbele. Mzee Khu akataka kujua sauti ya kuanzia, ile wanamuziki tunayoiita ufunguo: "Ufunguo gani, dada?"

"Wa gari? Nimeuacha mezani."

Watu wakavunjika mbavu. Mimi pia. Nikasimama begani kwake, tayari kumwokoa.

Akafungua kinywa.

Sijui niandikeje. Wimbo ule ule wa mabaharia ninaouimba kila wiki, miaka yote hii—kumbe sikuwahi kuusikia! Sauti haikupanda. Ilikuwa huko juu tangu zamani, ikatushukia. Mhudumu alisimama na sinia, mvuke unampiga usoni, hasogei. Mpiga ngoma aliweka fimbo chini. Nilijiandaa kumnong'oneza maneno akiyasahau. Niliyeyasahau ni mimi.

Alipomaliza, watu walibaki wanamtazama. Hakuna hata kofi.

"Samahani," akasema. "Nimeharibu?"

Jumanne, 12 Machi

Bwana Ngo, mwenye mkahawa, kapiga simu. Yule wa koti la njano, atarudi? Sijui, nikasema. Hakuuliza habari zangu.

Nimeujaribu ule wimbo bafuni. Nikanyamaza.

Alhamisi, 21 Machi

Jumapili Guat-e hakuja. Naimba, watu wanatazama mlango. Nami nautazama!

Leo nikaenda mwenyewe shule ya udereva. Wivu upo, siukatai. Ila ile sauti ni kubwa kuliko wivu wangu. Nataka kuisikia tena, basi.

Guat-e akaniweka kiti cha nyuma cha gari la mafunzo. Bibi mmoja alikuwa akijifunza kurudi kinyumenyume.

"Breki, shangazi! Breki! Huo mti hautakupisha!"

Kisha, bila kugeuka, akazungumza nami polepole. Hajawahi kuimba mbele ya watu. Siku ile alikuwa ameshautazama mlango wa kutokea.

"Ulisimama karibu, dada. Ndiyo maana sikukimbia."

Nikamwomba aje. Atakuja—nikisimama pale pale.

"Na huyo mwenzako anaimba nini?" bibi akadakia.

"Wewe tazama kioo, shangazi!"

Jumapili, 24 Machi

Mapumziko. Naandika nyuma ya pazia, juu ya sanduku la gitaa. Amekuja! Meza zimeongezwa hadi mlangoni. Bwana Ngo kanivuta kando: nusu ya pili yote ni ya Guat-e. "Wewe pumzika, A-Hun. Umechoka." Anatabasamu kama mtu anayetoa zawadi. Mzee Khu anatazama vidole vyake.

Guat-e hajaambiwa. Yuko hapa kando yangu, kanishika mkono, kiganja baridi kama samaki wa barafu. "Tunapanda wote, sivyo?"

Nikasema ndiyo. Neno lilitoka kabla sijafikiri.

Bendi imeanza. Bwana Ngo yuko kwenye ngazi ya jukwaa, anamwita kwa kidole—yeye peke yake. Guat-e amesimama. Nami nimesimama. Naandika kwa mkono mmoja, maana ule mwingine hauachii, na sijui ni yeye aliyenishika au ni mi—