Kwa Mama, Aliyetumalizia Vibanio vya Nguo

Mama, mwaka umetimia tangu uvue koti lako jeupe, ukalitundika nyuma ya mlango wa jikoni na kusema utalifua Jumamosi. Jumamosi hukuifikia. Koti lipo palepale. Baba hataki liguswe, na mwenye ubavu wa kubishana na Baba ulikuwa wewe peke yako.

Ameniagiza mimi, kifungua mimba wako, niandike tangazo hili la kumbukumbu, tena kwa ufupi. Ufupi nao, Mama, hukunirithisha.

Nianze na vibanio, maana majirani wangali wanauliza. Kwa miezi miwili nguo zetu ziliangukia matopeni kwa sababu kila kibanio cha mbao kilichokuwa kwenye kamba kilitoweka. Baba akadhani tuna mwizi. Kumbe mwizi analala naye kitanda kimoja.

Wasiokujua wajue hivi. Ulifanya kazi maabara miaka thelathini na moja, na tangu azaliwe mdogo wangu ulikuwa na jambo moja tu kichwani: manjano ya watoto wachanga. Dawa yake si ngumu. Mtoto analazwa chini ya taa ya bluu, siku mbili tatu anapona. Shida ni kuchelewa kujua. Jicho hudanganya, hasa kwa ngozi kama zetu, na damu ikipelekwa maabara majibu hurudi kesho au keshokutwa. Manjano hayangoji. Yakizidi hupanda hadi kwenye ubongo, na yakishaharibu huko hayarudishi.

Kwetu yalichukua masikio ya mdogo wangu. Damu yake ilitolewa Ijumaa, ikalala kwenye jokofu la maabara ileile uliyokuwa ukifanyia kazi, na wewe uko kitanda cha wazazi unaambiwa usubiri. Majibu yalitoka Jumatatu. Hukuwahi kumlaumu mtu. Ila tangu hapo, ukisikia mgonjwa anaambiwa arudi kesho kuchukua majibu, uso ulikubadilika, na sisi tulijua wakati wa kunyamaza.

Wewe na wenzako mkatengeneza kijikaratasi: tone la damu ya kisigino, dakika kumi, rangi inageuka, jibu hilo hapo. Kule maabara hakikukosea hata mara moja. Siku hiyo ulirudi nyumbani unaimba, na kwa kuimba, Mama, Mungu hakukujalia.

Kikapelekwa wodini kujaribiwa, kikaanguka vibaya. Karatasi zilirudi zimepakaa damu, hazisomeki. Mkuu wa maabara akaandika kwamba wauguzi hawajui kukitumia na kwamba kazi ifungwe. Wenzako wakakubali. Miaka yote ile, basi, iingie kabatini. Ukaomba miezi mitatu. Mwingine angekwenda kuwafundisha wauguzi kazi yao. Wewe ulikwenda kukaa kwenye stuli kando ya mizani ya watoto, ukawatazama tu.

Siku ya tatu yule muuguzi wa zamu mliyemwita Kiberiti, kwa wembamba wake na kwa kuwaka kwake, akachoka kutazamwa. Akakupakatisha mtoto, akakupa sindano na karatasi yako mwenyewe, akasema, "Haya, mama mtafiti. Pima."

Ukashindwa. Ulitusimulia mwenyewe, ukijicheka mpaka machozi. Mtoto anarusha mateke, mkono mmoja umeshika mguu, wa pili una sindano, na karatasi inadai mkono wa tatu. Wataalamu wazima, miaka nenda miaka rudi, mlikuwa mkipima damu ya kwenye chupa, juu ya meza, mikono yote miwili mitupu. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kupima akiwa amempakata mtoto.

"Tulimsahau mtoto," ukamwambia Baba, na hapo hukucheka.

Ndipo vibanio vikaanza kutoweka. Ulikuwa unaanika, ukaona kwamba mkono mmoja ukishika shati, mwingine unabana bila kuomba msaada. Ukamwita Baba. Fundi seremala wa vitanda na makabati akageuka fundi wa visigino vya watoto. Akavunja kibanio, akachonga, ukakataa. Akachonga tena, ukakataa tena, mkanuniana siku mbili na salamu zenu tukawa tunazipeleka sisi. Nasi tukageuzwa wauguzi: mfuko wa unga wa kilo tatu ndani ya taulo, soksi ndiyo mguu, na wewe unautikisa makusudi huku umeshika saa, ukiuliza ni mtoto gani tuliyewahi kumwona anatulia. Mdogo wangu alitushinda wote. Mikono yake ndiyo inayomsemea, imezoea kazi.

Kibanio cha kumi na saba kilishika kisigino na karatasi kwa pamoja. Kiberiti akakijaribu kwa mtoto wa kweli, mkono mmoja, akakurudishia. Kesho yake akakuomba kingine. Baba anasema katika maisha yake ya ufundi hajawahi kusifiwa vile.

Vikao vya kukiruhusu vikachukua mwaka na zaidi. Moyo ulianza kukusumbua ungali unajibu maswali yao. Ulituacha wiki sita kabla ruhusa haijatoka, na tusifiche, tulikasirika. Baba aliikunja ile barua ya ruhusa akaitia kwenye mfuko wa koti lako.

Sasa sikiliza ya mwaka huu. Mke wa mdogo wangu amejifungua mtoto wa kike. Siku ya tatu akalegea, titi akalikataa. Tukakimbia naye hospitali. Akaja muuguzi kijana, mgeni kwetu, akampakata kwa mkono wa kushoto, akachoma, akabana, akangoja. Mdogo wangu alikuwa ameegemea ukuta, kijasho kinamtoka. Nilitaka kumwambia yule binti kwamba kitu alichoshika ni kazi ya bibi yake huyu mtoto. Baba akanishika bega.

"Mwache," akasema. "Yuko kazini."

Dakika kumi. Manjano yalikuwa juu. Kabla saa haijaisha mjukuu wako alikuwa chini ya taa, amefunikwa macho, anapiga mateke kama ule mfuko wa unga.

Ana miezi minne sasa, mnene, na ana hasira zako. Juzi Baba alikuwa karakana, mlango wazi. Alipogonga msumari wa kwanza, mtoto akashtuka mikononi mwa baba yake, akageuza kichwa kutafuta nyundo iko wapi. Mdogo wangu hakuisikia nyundo, Mama. Alimwona mwanawe akiisikia. Mkono mmoja ulikuwa umempakata mtoto, kwa ule mwingine akatuambia neno moja tu: "Mama."

Unakumbukwa na mumeo fundi. Na mimi binti yako. Na mwanao na mkewe. Na mjukuu wako ambaye hukumpakata. Na Kiberiti, aliyetuamuru tumtaje humu kama ndugu, nasi hatukuthubutu kukataa. Koti litafuliwa Jumamosi hii. Baba amekubali, mradi akalianike yeye mwenyewe. Pumzika, Mama. Maadamu nyumba hii ina nguo za kuanika, hutasahaulika.