Boila ya Antipasi na Vibuyu Vyake

Jumanne, 1 Juni 1954

Kosa la wapangaji wengi ni kulalamika kwa mdomo. Mtu anakwenda kwa mwenye nyumba, anasema, anajibiwa vizuri, anarudi. Mwezi ukipita hakuna anayekumbuka nani alisema nini. Mimi nimefundisha miaka thelathini na moja, na kosa hilo sitalifanya. Nimenunua daftari. Kila boila ikiharibika itaandikwa humu: siku, sababu, na nani alifanya nini.

Nianze na leo, maana imeharibika leo.

Tulihama Mgori mwezi wa tatu kwa ajili ya boila hii tu. Pipa limejengewa matofali nyuma ya nyumba, chini yake jiko la kuni, bomba linapita ukutani na kutokea bafuni. Dresa wa zahanati ya hapa Itigi alisema magoti ya Magdalena yanataka maji ya moto asubuhi na jioni, akae humo mpaka kiunoni, la sivyo baridi yabisi itamlaza moja kwa moja. Mwenye nyumba, Bwana Antipasi, alikuwa fita, fundi wa vyuma wa reli, kabla ya kuingia katika biashara ya asali. Alituonyesha boila kama mtu anayeonyesha ng'ombe wa mahari. "Mwalimu, hii itatuzika sote." Nikalipa kodi ya mwaka mzima. Naanza kumwamini: itatuzika.

Imevuja kwenye mshono. Maji yameingia jikoni, moto umezimika. Antipasi amekuja jioni, mpole kama siku zote. Shikamoo Mwalimu, pole Mwalimu, ni kazi ndogo. Akaziba tundu kwa nta. Nta ya nyuki! Mkewe Felista akapiga magoti mlangoni na kibuyu cha asali, pole ya usumbufu. Asali nyeupe, nzuri. Tumeshukuru sana.

Ijumaa, 4 Juni

Siku mbili za maji ya moto. Magdalena alitembea mpaka kanisani na kurudi bila fimbo.

Leo nta imeyeyuka. Naandika sababu, ingawa watoto wa darasa la tatu wanaijua: nta huyeyuka maji yakiwa bado hayajachemka. Kuziba boila kwa nta ni kumfunga mbuzi kwa kamba ya majani mabichi, kisha kumlaumu mbuzi. Antipasi kanilaumu mimi. Eti nimewasha moto mkubwa mno. Nikamuuliza boila huwashwa moto gani. "Wa wastani, Mwalimu." Wastani maana yake nini? "Ule ambao nta haiyeyuki."

Fita wa reli, huyo. Siku hizi nikisikia treni inapita namwombea dereva.

Felista kaja na kibuyu cha pili. Tumepokea, tumeshukuru.

Jumatano, 9 Juni

Siku ya sita ya sufuria. Hesabu ni hii: beseni la bati linameza madebe manne. Jiko letu linachemsha debe moja kwa muda mrefu kuliko misa. Debe la tatu likichemka, la kwanza limekwisha kupoa. Nimejaribu kufunika kwa gunia. Nimejaribu kukimbia. Mtu wa miaka sitini na sita hakimbii na debe la maji ya moto. Nimejifunza hilo mguuni.

Magdalena, akiwa ndani ya beseni: "Mwalimu, unanichemsha au unanigandisha?"

Baridi ya mwezi huu inapita chini ya mlango. Asubuhi ilinibidi nimwinue kitandani kwa kwapa. Amecheka. Mimi sikucheka.

Jioni Antipasi kaja na uvumbuzi mpya: udongo, majivu, na juu yake nta.

Jumapili, 13 Juni

Udongo ulishika siku tatu. Leo boila haivuji. Haitoi maji kabisa. Nimefungua bomba bafuni, nikapata sauti ya mzee anayekohoa, basi. Maji ya hapa yana chumvi. Yakichemka yanaacha ukoko mweupe, nao unalijaza bomba kidogo kidogo mpaka tundu linafungwa. Dawa yake ni fundi wa mabomba aliyeko Manyoni: alitoe bomba, alizibue, aunge mshono kwa chuma. Nimemweleza Antipasi yote hayo, pole pole, kwa mchoro.

Ameutazama mchoro kwa heshima kubwa. "Maji ni ya Mungu, Mwalimu. Mimi nimekodisha nyumba."

Kibuyu cha tatu. Felista alipiga magoti kwa muda mrefu kuliko juzi, na Magdalena akaniambia mpokee mtoto wa watu. Nimepokea. Asali hii ya sasa ni nyeusi kidogo, lakini tamu.

Jumatano, 16 Juni

Barua kutoka Mgori. Marietha, mdogo wake Magdalena, amepata habari za boila kwa mtu, na sasa anataka dada yake arudishwe. Kule hakuna dresa, lakini kuna wajukuu sita wa kuchota na kuchemsha.

Magdalena ameisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mwezi ukiisha bila maji ya moto, atakwenda. Amechoka kuniona nakimbia na debe.

Nikauliza, na mimi?

"Wewe una boila."

Miaka arobaini ya ndoa. Leo ndiyo nimejua kwamba naogopa kulala nyumba hii peke yangu.

Jumatatu, 21 Juni

Nimeandika shauri kwa jumbe, Mzee Mughwai. Sitaki fedha. Nataka mambo mawili. La kwanza, fundi wa Manyoni. La pili, kila siku ya maji baridi iongezwe mwishoni mwa mwaka wangu bila kodi. Nililipia nyumba yenye maji ya moto. Nimepewa nyumba yenye asali. Baraza ni Alhamisi. Antipasi amepata habari, kanisalimia njiani kwa heshima zaidi ya kawaida. Mtu akizidisha shikamoo, chunga.

Alhamisi, 24 Juni

Niandike yote, hata yanayouma.

Nilisimama nikasoma tarehe. Siku ishirini na nne za mwezi huu, maji ya moto siku tano, maji baridi siku kumi na tisa. Wazee wakainama mbele kusikiliza. Nilijisikia niko darasani. Antipasi akaulizwa kama anakataa. Hakatai. "Mzee huyu nampenda kama baba. Hajapata usumbufu hata mara moja bila mimi kumpa pole."

Mzee Mughwai akauliza: pole gani?

"Mwenyewe ameandika, nina hakika. Mwalimu huandika kila kitu."

Jumbe akaagiza karani alisome daftari. Karani ni Gabrieli. Nilimfundisha mimi, tangu herufi ya kwanza mpaka barua rasmi. Nikamnyooshea kidole mstari wa kusoma: "Imevuja kwenye mshono." Akausoma. Akaendelea. Nikamwambia inatosha. Akanitazama kwa huruma ya kweli, akasema, "Samahani Mwalimu, ulitufundisha kusoma mpaka mwisho wa habari."

Basi akasoma kwa sauti safi, bila kukwama popote. Asali nyeupe, nzuri. Tumeshukuru sana. Kibuyu cha pili, tumepokea. Cha tatu, nyeusi kidogo, lakini tamu.

Mzee mmoja wa nyuma: "Kumbe magoti ndiyo yanaumwa, ulimi mzima!" Walicheka mpaka Felista akaficha uso.

Uamuzi wa jumbe. Mtu akikukosea, akakuletea kitu cha pole, nawe ukakipokea na kukila, umeridhika. Huwezi kumeza pole kisha ukadai fidia ya kosa lilelile. Vibuyu vitatu, makosa matatu, yamekwisha. Siku zangu kumi na tisa zimeliwa pamoja na mkate na asali. Antipasi aitengeneze leo. Ikiharibika tena, na mimi sijapokea chochote, basi atamleta fundi wa Manyoni kwa gharama yake, na siku zitahesabiwa tangu hapo.

Nilitaka kubisha, lakini sheria hiyo naijua. Baba yangu aliamua mashauri kwa sheria hiyohiyo. Ningekuwa jumbe, ningeamua vile. Nilishughulika na tarehe, sikuona kwamba naandika na pole pia.

Jioni Antipasi kaja kutengeneza. Bomba kalichokoa kwa waya. Na mshono je? Nta. Nimemwangalia mpaka akamaliza, akaondoka. Nimewasha moto mkubwa.

Daftari hili halitatoka tena nyumbani.

Ijumaa, 25 Juni

Alfajiri nimesikia sauti tamu kuliko zote: matone. Imevuja! Magdalena hajapata maji, magoti yamevimba kama maboga, hawezi kugeuka kitandani bila mimi. Naye anasikia naimba. Nimemweleza: hili ndilo la nne, hatujaonja kitu, fundi atakuja. Kasema, "Haya, tutaona." Zimebaki siku tano mwezi uishe.

Saa mbili asubuhi. Felista yuko uani. Kibuyu cha leo ni kikubwa kuliko vile vitatu vikiwekwa pamoja. Amepiga magoti mbele ya mlango, katika matope ya boila, mikono yote miwili mbele, macho chini. Nimemwambia mwanangu, inuka, leo hatupokei. Hakuinuka. Kasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo baba. Ameniambia nisirudi nacho."

Sasa hapo nifanye nini? Kumwacha mke wa mtu magotini kwenye tope ni aibu, na kijiji kizima kitaisikia kabla ya adhuhuri. Antipasi anajua hivyo. Si mjinga yule, isipokuwa kwenye chuma.

Nimeingia ndani, nikasema natafuta miwani. Miwani iko puani. Naandika nimesimama nyuma ya mlango.

Magdalena kutoka chumbani: "Nani huyo yuko magotini?"

Felista, nikamjibu.

Yeye ndiye anayejua goti ni kitu gani. "Kwenye maji?"

Ndiyo.

"Mwalimu, mtoto ataumia. Mpokee."

Nikamkumbusha fundi. Nikamkumbusha Mgori. Kasema anakumbuka, magoti ni yake. Kisha: "Basi mwinue. Lakini usimwinue kwa kupokea."

Akiinuka mwenyewe, vizuri. Nikimshika mkono, kibuyu kitaingia mkononi mwangu, na Antipasi atakuwa na shahidi. Nasikia mtu anakohoa nyuma ya ua. Ndiye.

Agizo la leo ni moja, najipa mwenyewe, lile nililowapa watoto kila asubuhi kwa miaka thelathini na moja. Toka nje, simama wima, mikono nyuma.